Shemeji wa Langoni

Mashine ya langoni katika kambi tulikopika tuliiita Shemeji, kwa kuwa ilikuwa na jicho moja, mkono wa chuma na maneno mengi. Shemeji asipoutambua uso wako, huingii jikoni; na usipoingia, kazi imekwenda.

Siku ya kuandikishwa tuliambiwa tutapigwa picha. Nani huenda kupigwa picha na uso mkavu? Nilisugua mti wa msiro jiweni kwa maji, nikajipaka uso wote mpaka ukawa mweupe kama ukuta wa msikiti. Shemeji akanitazama, akaridhika.

Kesho yake nilikuja nimenawa.

"Sikujui, mama," akasema Shemeji.

Nikamlalamikia shefe, mkubwa wetu wa kazi, João Baptista, aliyeletwa kutoka Maputo.

"Mashine haikosei," akanijibu.

Basi nikarudi kujipaka, na tangu hapo kila siku nilipika wali nimependeza kama bibi harusi.

Ikafika harusi ya binti yangu, Sumaia. Niliomba ruhusa ya siku moja tu. Shefe akakataa. "Usipokuja, nafasi yako anapewa mwingine."

Asubuhi ya harusi niliswali, nikamwomba Mungu anifungulie njia. Nilipotoa salamu nikamwona dada yangu Zainabo mlangoni, uso mweupe pe.

"Leo uso wako nauvaa mimi."

"Huo si uongo, dada?"

"Mimi sisemi neno. Shemeji atanisalimu, nami nitaitikia. Salamu nayo dhambi?"

Niliitafuta dhambi hapo, sikuiona vizuri. Nikamwacha aende.

"Bom dia, Rachida Aiuba," Shemeji akamwambia, akafungua.

Jikoni shefe alimzunguka Zainabo, ambaye ni mnene mara mbili yangu.

"Jana ulikuwa mwembamba."

"Chakula cha kambi kina baraka, shefe."

Hakuridhika. Akapanda gari mpaka kwangu, akajitoma uani, akatukuta wanawake peke yetu, wote tumejipaka msiro.

"Rachida ni nani?"

"Mimi!"

"Mimi!"

"Mimi hapa, baba!"

Kwetu mwanamume akiingia ua wa wanawake siku ya harusi bila kualikwa, hatoki na uso aliokuja nao. Mashangazi walimkamata, wakampaka mpaka masikioni. Pua nilimalizia mimi mwenyewe.

Akakimbilia kambini.

"Rachida Aiuba," akasema Shemeji, "umeshaingia leo."

"Mimi ni João Baptista! Unakosea!"

"Sikosei, Rachida. Ngoja nimpigie shefe wako."

Simu ikalia mfukoni mwa João Baptista.

Zainabo, aliyekuwa akimwaga maji ya mchele karibu na lango, alisikia yote. Akamhurumia, akamletea kopo la maji.

"Nawa, Rachida mwenzangu," akamwambia.

Nilipomaliza harusi nikarudi kazini, nimejipaka vilevile. Mezani jikoni nilikuta ruhusa yangu imesainiwa na shefe, ya siku ile ile niliyoiomba. Nikaipokea kwa bismillahi.