Mtani Aliyeanza Kunisalimia Vizuri

Kwa miaka mingi Mwalimu Mutayoba hakuwahi kunisalimia. Akifika buchani kwangu Kirumba, ni moja kwa moja: "Wewe mchunga ng'ombe, umeshajifunza kusoma mizani?" Nami namjibu, karibu nshomile, umesoma mpaka nywele zikakukimbia, na bado unanunua robo kilo. Yeye Mhaya, mimi Msukuma. Siku ilikuwa haijaanza mpaka tutukanane.

Ukaja uchaguzi. Nikaweka picha ya mgombea wangu kwenye simu, akaniita chawa. Nikamwita kibaraka. Hayo hayakuwa maneno ya utani, na wote tulijua.

Kesho yake akapita nje ya bucha. "Habari za asubuhi, Bwana Ngosha."

Bwana! "Nzuri, Mwalimu." Akaenda kununua nyama kwa jirani.

Miezi ikapita hivyo, tunaheshimiana kama maadui. Mara mwanangu Elias akapata mchumba, Odeta, binti wa Kihaya wa Butimba. Mke wangu akasema, "Nenda kamwombe Mutayoba awe mshenga. Ndiye anayejua mambo yao."

"Simwombi."

"Haya, mwanao akikosa mke, mtalala wote bandani."

Nikamchukua Yeremia wa Misungwi, mwenzangu wa chama, awe mshenga. Sauti anayo. Mengine tutajaliwa.

Tunaingia sebuleni kwa Mama Leonsia, mama wa binti, na aliyekaa kiti cha msemaji wa ukoo wao ni nani? Mutayoba. Suti, miwani, kipara kinang'aa.

"Karibuni, wageni waheshimiwa."

Mutayoba akikuita mheshimiwa, jua umekwisha.

Kikapita kikapu kidogo cha buni, zile zilizochemshwa zikakaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni atafune. Yeremia akachukua mbili, akazishika kiganjani, akasubiri. Akasubiri tena. Halafu, kwa ile sauti yake: "Samahani, wakwe. Maji ya moto na sukari vinakuja lini?"

Shangazi mmoja akajiziba mdomo kwa khanga. Mama Leonsia hakucheka. "Kwa hiyo mnataka binti yetu," akasema, "na hata kuuliza desturi zetu hamkuuliza?"

Elias akanitazama kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Nami nikaona: wa kutuokoa mle ndani alikuwa mmoja tu.

"Wewe kipara!" nikamwambia Mutayoba. "Tangu uache kunitukana sina wa kunifundisha. Ona tunavyoaibika!"

Watu wakaacha kutafuna. Mutayoba akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama, uwasamehe," akamwambia Mama Leonsia. "Kwa hawa, waliosoma ni ng'ombe. Wenyewe huwa wanawasindikiza tu. Sisi tuwapokee hao ng'ombe wenye akili, tuone."

Shangazi akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na Mama Leonsia naye mabega yakaanza kutikisika. Mahari ikazungumzwa. Yeremia tulimwomba atafune na anyamaze.

Mutayoba akanisindikiza mpaka getini.

"Yule mgombea wako," akasema, "bado simtaki."

"Kwani amekuja kukuposa?"

Akasonya, akageuka, akaingia ndani bila kuniaga.