Safu ya Kulia

Tangu shemeji yake aajiriwe, Bwana Taratibu alikosa usingizi na hamu ya kula. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha seva, zinamoishi kompyuta pepe za ofisi nzima, zile za programu tupu zinazoonekana tu kwenye vioo vya mezani: unaandaa moja, mashine mama, kisha unazalisha nakala zake kwa kila meza. Sasa bosi alitaka kuona nani anazalisha vizuri zaidi. Mshindi angepewa ufunguo.

Njia ya Taratibu ilikuwa ya kuosha. Mashine mama ilifutwa jina na namba ya utambulisho, kisha kila nakala iliwaka, ikazima, ikawaka tena na kujipatia namba yake. Shemeji hakuosha kitu. Alimnakili mama akiwa macho, bila kumzima, akabadilisha majina tu.

"Hao watoto wako wote wana namba moja," Taratibu alimwonya wiki nzima kwa sauti ya mhubiri. "Programu ya kuzuia virusi itawaona ni mtu mmoja."

"Lakini wameamka, shem. Wa kwako je?"

Asubuhi ya mashindano, safu ya meza za kulia, ya shemeji, ilikuwa tayari kabla watu hawajavuta viti. Ya kushoto, ya Taratibu, bado iliandika "tafadhali subiri". Karani mmoja akahamia kulia. Wa pili akamfuata. Mwisho bosi mwenyewe akahamia na kikombe chake, akicheka na shemeji! Taratibu, ambaye hakuwahi kuchekewa na bosi hata siku alipozima moto wa kweli, nyongo ilimpanda hadi masikioni.

Akajifungia kwenye chumba cha seva, akafungua programu ya kuzuia virusi, akachagua nakala moja ya shemeji, ile ya mhasibu mpiga domo, na kuamuru ifungiwe. Moja tu. Aibu ndogo ya kifamilia.

Safu nzima ya kulia ikafungwa. Wivu ulikuwa umemsahaulisha mahubiri yake mwenyewe. Na kwenye kila kioo, cha bosi kikiwemo, likatokea kwa herufi nyekundu jina la aliyetoa amri, pamoja na la baba yake.

"Kumbe ulisema kweli, shem!" shemeji alishangaa Taratibu alipofungua mlango. "Zote namba moja!"

"Alisema kweli," bosi akakubali. "Kuanzia leo tunaosha." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Taratibu akautoa. Bosi akampa shemeji.

"Mfundishe kuosha," akamwambia Taratibu.

"Vuta kiti, shem," shemeji alisema kwa upole usiovumilika. "Tunaanzia wapi?"