Bafu la Kuonyesha Wageni

"Na dodoki la mama yako hili hapa, maana utasema nazusha," alisema Mama Redio, akalinyoosha mpaka karibu na pua ya Msusi, pale pale mlangoni pa saluni. Ndani, wateja wawili waligeuza shingo, hata yule ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu.

Msusi hakulipokea. Alilitambua, kwa sababu kamba yake ya bluu aliifunga yeye mwenyewe, lakini hasira ilikuwa imeshampanda, na mtu mwenye hasira hasalimu amri kwa ajili ya dodoki. Alimuuliza jirani yake, kwa sauti ya kusikika upande wa pili wa barabara, vitu vya mama yake vinatafuta nini nyumbani kwa watu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na mizizi. Kila alasiri mama yake Msusi alikuwa akivuka barabara na mfuko wa plastiki mkononi, anasema anakwenda kupiga soga kwa Mama Redio, na anarudi jioni amechangamka. Sasa huyo Mama Redio hakuitwa hivyo bure. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana mtaa mzima unayo, tena imeongezwa viungo. Basi Msusi akajumlisha mwenyewe: mama yangu anaitwa kule kuchimbwa maneno ya nyumba yetu. Aliwaambia wateja hivyo huku anasuka, na wateja wa saluni nao si watu wa kuambiwa jambo ukategemea litalala hapo. Kisha akamkataza mama yake asivuke tena.

"Eti mimi ndiye ninayemvuta mama wa watu nimchimbe maneno," Mama Redio aliendelea. "Maneno gani? Mama yako anakuja kwangu kuoga. Haya, umemkataza. Tangu umkataze anaoga wapi?"

"Mama yangu ana bafu ambalo wewe hujawahi hata kuliota."

"Nimeliona. Si ulinivua viatu ukaniingiza nikalitazame, kama nimekuja makumbusho?"

Mteja wa kiti cha nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Redio alilitundika dodoki kwenye kitasa cha mlango wa saluni, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

Msusi alimwomba radhi yule wa nusu kichwa, akaifuata korido inayotoka saluni kuingia nyumbani. Kuambiwa mbele ya wateja kwamba mama yako anaomba maji ya kuoga kwa watu, wakati bafu lile lilikuwa fahari ya nyumba nzima!

Lilikuwa wazo la kaka yake, ambaye tangu utoto walimwita Bosi kwa kupenda kuamrisha, na ambaye sasa alikuwa na kazi ya mbali na sauti kubwa kwenye simu. Mama anyanyuliwe hadhi, alisema Bosi. Vikaja vigae vyeupe vinavyong'aa hivi kwamba ukiinama unaliona tundu la pua yako. Likaja hodhi la kuogea lenye ukingo wa kufika gotini, na fimbo ya kutundikia taulo yenye rangi ya dhahabu. Tangu siku hiyo, mgeni akiingia, kabla hajapewa hata maji, anapelekwa bafuni. Anatazama, anaguna, anasifu, na mama anasimama nyuma yake akisema kweli, wanangu wamenitoa mbali.

Mama alikuwa amekaa kitandani, taulo begani, nywele za mbele zimelowa.

"Umeoga, mama?"

"Si unaniona."

Msusi aliingia bafuni. Sakafu ilikuwa na maji, ndoo ilikuwa na maji, hodhi lilikuwa kavu kama sahani ya kabatini. Sabuni mpya aliyoiweka mwenyewe ilikuwa kwenye kisahani chake, jina la kiwanda bado linasomeka herufi zote. Mama yake alikuwa anamwaga maji chini na kujipaka kidogo kwenye nywele, kama mtoto anayekwepa kuoga.

Akashika ile fimbo ya dhahabu ili ainame vizuri, ikang'oka ikabaki mkononi. Nyuma yake kulikuwa na uji mweusi uliokauka. Aliunusa. Ilikuwa gundi ya kubandikia nywele, ile ile aliyoitafuta saluni siku nzima mpaka akamshuku Mama Redio kuiazima bila kuaga.

"Mama."

"Iling'oka mara ya kwanza tu niliyoingia humo," mama alisema, amesimama mlangoni. "Nilikuwa nimeinua mguu mmoja kuvuka ule ukingo, nikaishika, ikanifuata. Nikakaa chini puu. Sikuvunjika, nashukuru. Nikaibandika, nikanyamaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuambie wewe, ambaye jioni ile ile ulileta wageni kuja kuiona?"

Msusi alikaa kwenye ukingo wa hodhi. Alisema, kwa sauti iliyopungua, kwamba angeambiwa angemwogesha yeye mwenyewe kila siku, na angefanya hivyo kwa moyo wote.

"Ndiyo hilo hasa lililonifunga mdomo," mama alimjibu. "Nimewaogesha nyinyi wote na kelele zenu. Sina hamu ya zamu yangu kufika. Mimi nataka kuingia, nifunge mlango, nioge, nitoke. Kwa Mama Redio nafanya hivyo, na hakuna anayenisimamia."

Hasira ya Msusi ilitafuta pa kwenda, ikaenda kwa kaka yake. Alimpigia pale pale, fimbo mkononi. Bosi alisikiliza kidogo, akasema mama awe anaangalia anapokanyaga. Akasema wekeni kizulia. Akasema atafutwe binti wa kumwogesha, na vigae vile ni vya kihoteli, visiguswe.

"Hoteli wanakaa watu siku mbili wanaondoka," Msusi alisema. "Mama anaishi humu."

"Na wageni waliokwisha kuliona watasemaje?"

Swali lile Msusi alilijua. Lilikuwa lake, na ndilo lililomfanya amkataze mama yake kuvuka barabara. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia Bosi.

Kesho yake alimwita fundi aliyelijenga bafu. Fundi alikuja na furaha, kwa sababu picha ya bafu lile alikuwa nayo kwenye simu akiwavutia wateja wapya, na aliposikia kwamba hodhi linatoka na vigae vya chini vinabanduliwa, alishika kichwa kama amefiwa. Akamkumbusha Msusi nani alisema anataka vigae vinavyong'aa. Msusi akakiri ni yeye, na akamwuliza ni fundi gani anaambiwa bafu ni la mama mzee akakubali tu. Wakarushiana lawama mpaka mama akapitisha kichwa na kuwauliza kama ukuta utavunjwa kwa maneno.

Kazi ikaanza. Chini viliwekwa vigae vidogo vyenye mikwaruzo, visivyoteleza, sakafu ikawa sawa na ya korido bila kizingiti, ikainamishwa kidogo kuelekea tundu la maji. Mlango uligeuzwa ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka nyuma yake asiwe ndiye anayeuzuia. Vishikio vikawa vya chuma kinene, vya skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali lenyewe. Fundi alishapima ukutani na kuchora mahali pake, pamekaa sawasawa, pamelingana kushoto na kulia, lakini Msusi alikuwa ameshaumwa na vitu vya kupendeza. Alileta kiti, akamkalisha mama na nguo zake, akamwambia ainuke kama anatoka kuoga. Mkono wa mama uliruka alama ya fundi, ukatua chini zaidi, karibu na pembe. Msusi akatoa penseli ya nyusi mfukoni, akachora pale pale ulipotua. Akamwinua tena, akamkalisha tena.

"Itaonekana imepinda," fundi alilalamika.

"Na ipinde," mama alisema. "Na mimi nimepinda."

Lakini saruji haikauki kwa kubembelezwa, na mama alihitaji kuoga. Alasiri alichukua taulo lake, safari hii bila mfuko, akalitupa begani na kuvuka barabara watu wanamwona. Msusi alimfuata na ndoo ya maji, maana hakutaka kusemwa tena kwamba wanakunywa visima vya wenzao.

Mama Redio alifungua mlango, akampokea mama kwa mkono, akampisha. Kisha akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Wewe hapo hapo," alimwambia Msusi. "Ulinichafua mbele ya watu. Watu hawa hapa."

Kweli walikuwapo. Muuza mkaa alikuwa amesimama, na yule mteja wa kiti cha nyuma alikuwa ametoka na taulo kichwani asikose kitu. Msusi bado alikuwa na hasira: na Bosi, na fundi, na huyu mwanamke mwenye mdomo usio na breki ambaye kumbe siri moja kubwa aliifunga kifuani muda wote huo. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Nilisema Mama Redio anamchimba mama yangu," alisema, na alisema kwa nguvu, kama anagombana. "Nilisema uongo. Mama yangu alikuwa anaoga kwake, kwa sababu mimi nilimjengea bafu la kuonyesha wageni. Lingemuua. Huyu alijua na hakumwambia mtu. Anayetaka kucheka acheke, kisha akatazame bafu la mama yake."

Muuza mkaa alianza kupanga upya magunia ambayo yalikuwa yamepangika.

Kutoka ndani ilisikika komeo, kisha maji. Kabla mlango wa bafu la jirani haujafungwa, Msusi alikuwa ameliona kupitia korido: sakafu ya saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio, kiti cha plastiki, na kipande cha bomba kilichofungwa ukutani kimelainika kwa kushikwa. Mama Redio alimuuguza mama mkwe wake nyumbani humo mpaka mwisho, na mtaa mzima uliijua habari hiyo isipokuwa habari ya bomba. Mama alikuwa anaimba huko ndani, vibaya, bila haraka yoyote.

Mama Redio alimpokonya ndoo.

"Maji ninayo, usinitukane mara ya pili," alisema. "Na huyo akianza kuimba hatoki leo. Chakula kimeiva na kinapoa. Ingia ule."