Maua Kwenye Kioo cha Bucha

Mtaa mzima ulimwita Kidevu Juu. Miaka ishirini alipiga picha za pasipoti, na hakuna aliyewahi kuketi kwenye kigoda chake bila kuamriwa: "Kidevu juu, mabega sawa, usicheke, hii si harusi." Hata mkuu wa polisi aliambiwa hivyo, na akatii kama mtoto wa chekechea. Alikuwa mama mwema, sikatai. Ila wema wake ulikuwa na mbio, ulitenda kwanza ukauliza baadaye.

Wakimbizi wa vita walipoletwa kwenye ghala la zamani nyuma ya soko, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwapiga picha za vitambulisho. Akawapiga wote sitini na wawili. Mwezi wao wa pili, kwa nia njema kabisa, akazikuza sura kumi zilizompendeza, akazibandika kwenye kioo cha studio, na juu yake akaandika KARIBUNI. Alitaka mtaa uwazoee wageni wake.

Saa moja haikupita. Aliingia mwanamke mwembamba, fundi cherehani, mmoja wa wale wakimbizi, akaanza kuzibandua kwa kucha, moja baada ya nyingine.

"Mama, unataka tuuawe?" alisema. "Waliotufukuza kwetu wana jamaa zao mpaka huku. Wanatutafuta kwa sura!"

Lo! Kidevu Juu alitamani ardhi ipasuke immeze. Sura za watu ndizo zilizomlisha miaka yote, na hakuwahi kufikiri kwamba sura inaweza kumponza mwenyewe. Akaomba radhi, akaomba tena, akamvutia yule fundi kiti. Ndipo fundi akaeleza linalomkosesha usingizi. Yeye na mumewe, naye fundi cherehani, walipotezana njiani risasi zilipoanza kulia. Neno la mwisho mumewe alilompigia kelele lilikuwa jina la mji huu.

"Akiwa hai atakuja hapa, Mama. Hapa tu. Na wiki ijayo mkutano wa mtaa unaamua kama tubaki au tupelekwe kambi ya mbali. Tukipelekwa, atanipata wapi?"

Kidevu Juu akakunja mikono ya shati. Nyuma ya ghala wakimbizi walikuwa wamepanda maua kwenye makopo matupu ya mafuta ya kupikia, kila mtu na kopo lake. Sura hazifai kuonekana? Basi yataonekana maua. Akabeba kigoda, taa mbili na kile kitambaa cheupe cha pasipoti, akayapiga maua kwa mtindo pekee aliouweza: moja moja, mbele kabisa, yameketi wima kama yanaomba viza. Ua moja la alizeti lilikuwa limeinamisha kichwa, akataka kulifunga uzi lisimame. Mwenye nalo, mwalimu wa hesabu, akamzuia.

"Liache liiname. Limechoka, lakini si limechanua?"

Chini ya kila picha aliandika maneno ya mwenye ua. *Alizeti: nimefundisha hesabu miaka tisa. Asumini: najua uashi, nipeni ukuta mnione.* Kioo kikajaa. Watu wakaanza kusimama, mmoja, wawili, mwisho wakazuia njia.

Wa kulalamika hakukosekana. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na bucha mlango wa tatu. Akaja na aproni yake ya damu.

"Shemeji, siku hizi unauza maua? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Umewapa?"

"Nini?"

"Hilo jembe. Wana miezi miwili hapa. Umempa nani?"

Shemeji akarudi kwa nyama zake.

Siku ya mkutano Kidevu Juu alibeba picha zote, akazipanga ukutani, akasema mpaka sauti ikakauka. Wakapiga kura. Thelathini na wanane walitaka wakimbizi wabaki, arobaini na mmoja wakataka wahamishwe. Shemeji aliunyoosha mkono wake mnene upande wa wahamishwe, akimtazama machoni. Kidevu Juu alirudi studio akalia kwa hasira, kilio cha kusikika mpaka barabarani, wala hakujali nani anasikia.

Fundi hakulia. Aliingia na kopo lake la waridi, amelivalisha kitambaa cha buluu chenye matundu kumi na moja ya vifungo, bila kifungo hata kimoja.

"Tundu hili alinifundisha yeye," alisema. "Uzi unazunguka kinyume. Mafundi wote hutucheka, hakuna mwingine anayeshona hivi. Akiliona atajua ni mkono wangu. Nipigie hili, Mama. Utoe nyingi."

Malori yaliondoka Jumatatu. Jumanne Kidevu Juu alianza mlango kwa mlango na nakala arobaini: kwa kinyozi, duka la dawa, stendi ya mabasi. Chini aliandika: *Anayeujua mshono huu aulize studio.* Aliyemkatalia asubuhi alimkuta tena jioni, na kesho yake, mpaka akachoka kukataa. Bucha aliiacha mwisho.

"Shemeji, ulitaka wahame, wamehama. Sasa kioo chako kina ubaya gani?"

Shemeji alikata mfupa, akaupima, akaufunga. Hakumtazama.

"Bandika. Chini huko, usizibe bei."

Miezi mitatu ikapita. Jua lilizipausha picha, akabandika mpya, zikapauka tena. Mara moja kwa mwezi alipanda basi kwenda kambini kumwambia fundi kwamba bado. Watu wakanong'ona kuwa Kidevu Juu akili zimemruka. Kusema kweli, kuna siku hata yeye hakuamini. Siku hizo alibandika vilevile.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, Shemeji aliingia studio mbio, kisu mkononi, mteja akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Njoo! Kuna mtu pale hanunui. Namwambia asogee, hasikii. Ameweka kidole kwenye kioo, anaufuata uzi!"

Alikuwa mwanamume mrefu, amekonda, kiatu kimoja amekifunga kwa kamba. Hakuuliza jina la mtu.

"Aliyeshona hili," alisema, "yuko hai?"

"Hai?" alisema Kidevu Juu. "Anashonea watoto wa kambi nzima sare za shule. Na amekukasirikia kwa kuchelewa."

Mwanamume akakaa palepale kwenye ngazi ya bucha, akafunika uso kwa viganja, akalia.

Shemeji akavua aproni. Akawaambia wateja leo wakale mboga, akashusha mlango wa chuma, akapapasa mifuko kutafuta ufunguo wa gari la nyama.

"Kaka, panda mbele," alisema. Kisha akamgeukia Kidevu Juu, macho yakiwa chini. "Na wewe panda, Shemeji. Mimi huko sijawahi kufika."