Springi Fupi za Zubair

Mume wangu Zubair alipofunga springi fupi na kulilaza gari letu, Priora, karibu na lami, kama nusu ya vijana wa mji wetu wa Izberbash, alinipa sababu moja tu: petroli.

"Saniyat, hewa ikikosa nafasi ya kupita chini ya gari, italizuia vipi tena? Linateleza tu. Si unasoma fizikia jioni? Muulize mwalimu wako."

Nilimuuliza. Akasema ni kweli, ila kidogo, tena barabara ikiwa sawa kama meza. Barabara ya kwa mama, huko milimani, si meza. Mama anaumwa goti, hawezi kushuka mjini, na binti yetu Asiyat alikuwa ametimiza miezi saba bibi yake hajamshika hata mara moja. Kila siku ni simu: "Anakaa mwenyewe?" "Anakaa, mama." "Basi mtamleta akija kuolewa."

Ndipo nikamwambia Zubair, "Tupime mpaka kwa mama. Zamani gari lilikunywa lita tano. Zikipungua, springi zako zibaki. Zikizidi, unarudisha zile ndefu."

"Umeshashindwa, mke wangu." Akajaza tangi mpaka shingoni, akatia kwenye buti dumu la petroli lenye alama za lita, la kujazia tukifika tujue gari limekunywa kiasi gani.

Barabara kuu, nisimwonee, gari liliteleza kama sabuni. Zubair akaimba. Tulipokata kuelekea milimani akaacha wimbo, akashika usukani kwa mikono miwili. Kijiji cha kwanza kina matuta matano. Tuta la kwanza nilishuka na mtoto ili gari liwe jepesi. La pili likatukwangua tumbo. La tatu Zubair alilipanda upandeupande kama kaa, na kuku wakatupita.

Karibu na kijiji chetu mvua ilikuwa imechimba njia. Priora likaketi juu ya kifusi kama kuku aliyeatamia, magurudumu yakazunguka bure.

"Zima! Linakunywa huku limekaa!" nikasema.

Alizima upesi sana.

Siku hiyo wanaume wa kijiji walikuwa kwenye ujima, wakiezeka paa la jirani. Walituona kutoka juu, wakashuka wanane. Mjomba wangu Gimbat akainama, akachungulia.

"Mkwe, magurudumu umeyauza?"

"Ni mtindo, mjomba. Linaokoa petroli."

"Naona. Limegoma kabisa kunywa."

Kilomita nzima, injini imezimwa, panaposukumika walilisukuma, pasiposukumika wakalibeba, Zubair kakaa kwenye usukani kama bwana harusi, mpaka Gimbat alipofoka, "Toka humo, wewe nawe!"

Uani kwa mama, hata kabla ya salamu, Zubair alimimina petroli tangini mpaka likajaa, akasoma alama za dumu, akaruka. "Nne na nusu! Nimeshinda!"

Moyo wangu ulishuka chini kuliko gari. Hesabu ilikuwa yake.

Mama alikuwa amekwisha kumnyakua Asiyat, anamnusa shingo. Aliwatazama wale wanane wanaohema ukutani. Kwetu aliyekusaidia haondoki na njaa. Akainjika sufuria ya khinkal, yale madonge mazito ya unga, na nyama ya kondoo na kitunguu saumu. Ikaisha. Akainjika ya pili. Gimbat akaomba mchuzi zaidi.

"Zubair, mwanangu," mama akasema taratibu, "hawa uliowaacha nje ya hesabu wamekula nusu kondoo. Andika."

"Andika, mkwe!" Gimbat akapiga paja. "Kilomita moja, nusu kondoo!"

Zubair alitazama dumu, akatazama mifupa. "Na kurudi? Si ni mteremko?"

"Mteremko ndio kondoo mzima. Sisi ndio tutakuwa breki," Gimbat akajibu.

Asubuhi iliyofuata Zubair alipanda basi dogo kwenda mjini, akarudi kabla ya adhuhuri na springi ndefu begani. Akalala chini ya gari, akaanza kugombana na boliti zenye kutu. Mama alikuja kukaa karibu, Asiyat kalala kifuani pake.

"Usijitese, mwanangu," akamwambia. "Boliti moja kwa siku inatosha."