Mababa Saba wa Boroon

Kwa Mzee Mambetaly, mtu asiyeweza kutaja mababa zake saba, kizazi baada ya kizazi, alikuwa nusu mtu, na sheria hiyo aliitumia hata kwa mbwa. Ndiyo maana ilimuuma sana kwamba Boroon, mtoto wa mbwa wake hodari wa mawindo, alijichimbia chini ya mablanketi kila kondoo alipokohoa.

"Damu imekatika," alimwambia mjukuu wake Begaim, aliyekuja malisho ya kiangazi mlimani kutoka chuo kikuu. "Siku ya kushuka mlimani nitaburuta ngozi ya mbweha. Asipoikimbiza, namgawa kwa yule muuza vipuri wa mjini. Amfunge mnyororo mlangoni, amlindie duka."

"Damu ipo, Babu! Mama yake alimbeba tumboni wakati wa njaa ya theluji, kisha akafa kabla mtoto hajashiba kulambwa. Hofu ya mama huacha alama kwa mtoto. Urithi ni kama sanduku la mahari la Bibi: kila kitu kimo ndani, lakini ufunguo wanao walezi."

"Sanduku! Kumbe huko chuoni mnasomea useremala?"

"Nipe kiangazi hiki tu, Babu. Nakusihi."

Kambini hapakuwa na mbwa jike anayenyonyesha. Aliyekuwa na maziwa ni Karakash, mbuzi mweusi aliyefiwa na mtoto, ambaye hata farasi walimpisha njia. Begaim alimpaka Boroon chumvi mgongoni, kama wachungaji wampakavyo mwanakondoo yatima, akamsogeza taratibu. Karakash alimpiga teke. Siku ya pili alimnusa. Siku ya tatu alimlamba mpaka masikio yakapinda.

"Chai yangu haina chumvi!" alinung'unika Mzee, aliyezoea chai ya chumvi ya watu wa milimani.

"Chumvi imekwenda kulea, Babu."

Siku ya kushuka ikafika. Mzee alipanda farasi, ngozi ya mbweha ikiruka nyuma yake kwenye kamba. Begaim alimwachia Boroon kwa uzito, kana kwamba ni yeye mwenyewe atakayefungwa mnyororo. Boroon alisimama. Alitazama nyuma, kwa Karakash aliyekuwa akicheua bila wasiwasi. Kisha akachomoka kama mshale, akaifikia ngozi ndani ya pumzi chache.

Lakini hakuiuma. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akainamisha kichwa, akaipiga pembe asizokuwa nazo.

Mzee alicheka mpaka kofia yake ya manyoya ya kondoo ikamdondoka.

"Anapigana kama mbuzi!"

"Ila amekimbia kama nani, Babu?"

Mzee alipangusa machozi ya kicheko. Kisha, mbele ya majirani waliokuwa wakifungasha mahema, akataja kwa sauti mababa saba wa Boroon, mmoja mmoja. Alipomaliza, akakohoa.

"Na mama yake mlezi, Karakash. Mbuzi wangu."

"Na muuza vipuri je?"

"Mwambie anunue kufuli."