Godoro Lisilo na Vifundo

Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na nywele, wala hakuwa na hamu ya kuzikumbuka. Hakuwa na cheti cha chuo, ingawa shule ya usiku ilimjaza kichwa hata majirani wakamwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania. Tangu mikono yake ianze kutetemeka hakuwa na kazi, na ile sindano ndefu ya kushonea magodoro ilibaki kuning'inia msumarini. Lakini kilichomnyima raha kuliko vyote ni kwamba hakuwa na mada.

Binti yake, aliyekuwa akitengeneza tovuti katika mji mwingine, alikuwa amemwahidi tovuti yake mwenyewe. Angeijenga katika likizo hii. Akisharudi kazini hatakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Kwa fundi, hiyo ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuamka asubuhi akiwa na shughuli. Binti alitaka kitu kidogo tu: mada kuu moja, na mada ndogo zinazotokana nayo.

"Nyota," fundi alimwambia kwenye simu.

"Baba, jana ilikuwa nyuki."

"Nyuki nao wamo. Na wafalme wa kale. Na figo, mwanangu, watu hawajui kutunza figo."

"Mtu akija kusoma nyuki akakuta figo, atatoka mbio."

"Atakuwa amejifunza mambo mawili."

"Hata moja hatajifunza!" Binti alicheka, kisha akashusha pumzi. "Sikia, Baba. Usinipigie tena, maana kila simu unakuja na jipya. Niandikie barua. Mada moja na mada ndogo zake, ubandike bahasha, uitume. Ukishaitia kwenye sanduku la posta huwezi kuikimbiza. Ikinikuta bado niko likizo, najenga. Isiponikuta, basi."

Fundi aliweka simu mezani polepole. Mkewe alikuwa kizingitini akimenya maharage.

"Profesa amefukuzwa darasani?"

"Nimepewa kazi ya nyumbani."

"Si uandike magodoro?"

"Nisome miaka yote ile, nikisinzia juu ya daftari, ili nirudi kwenye godoro?"

Mkewe aliendelea kumenya. Ganda la haragwe lilimponyoka vidoleni, likaangukia bakuli lisilo lake.

Baada ya chakula cha mchana fundi aliingia chumba cha kazi, akajilaza juu ya godoro la mwisho alilolishona. Mwenyewe hakuja kulichukua. Jua lilipenya kwenye pazia jembamba, na vumbi la sufi ya kujazia magodoro, ambalo halikuwahi kuisha chumbani humo, likaelea ndani ya mwanga. Alilitazama mpaka akashindwa kujua kama linapanda au yeye ndiye anayeshuka.

Akajiona amesimama katika nyumba isiyo na sakafu. Mabonge ya sufi yalipita mbele yake taratibu, makubwa kama ng'ombe. Moja lilivuma nyuki. Jingine lilimeta nyota kwa ndani. Wafalme walikaa juu ya la tatu, wamekunja miguu, wanamsubiri aseme neno. Aliyachoma yote kwa sindano yake ndefu, na mkono wake, ajabu, ulikuwa imara kama zamani. Lakini kila alipovuta, uzi ulipita na kutoka mtupu. Hakuwa amepiga fundo mwishoni.

Chini ya mabonge, watu walikuwa wamelala hewani bila chochote mgongoni. Aliwatambua: ni wateja wake.

"Fundi, mtoto wangu halali."

"Fundi, mume wangu anakoroma mpaka vikombe vinatikisika."

"Fundi, tangu mama aondoke nikifumba macho namwona. Nigeuzie godoro."

Alikumbuka, ndani ya ndoto, kwamba walikuwa wakimwambia hivyo siku zote, hata kabla ya kuuliza bei.

Alipoamka alikuwa ameviringika upande mmoja, ndani ya shimo. Alipapasa godoro. Katikati palikuwa patupu, pembeni nundu. Akaelewa: mikono ilipomshinda alilijaza, akalifunga mdomo, lakini hakulipitishia ule uzi unaotoka juu hadi chini na kukazwa kwa vifundo. Bila vifundo sufi hutembea. Hata ungejaza nyumba nzima, mtu hulala juu ya kitambaa.

"Mama!" aliita. "Usingizi!"

"Si ndiyo umetoka kulala?"

"Mada, mke wangu. Mada ni usingizi!"

Waliandika wakiwa wameketi kwenye lile godoro bovu. Mkewe alitaka kushika kalamu, fundi akakataa. Herufi zikatoka zimepinda, lakini zake. Mtoto asiyelala. Kukoroma. Mgongo na godoro. Ndoto za waliotutoka. Nyuki nao hulala, hilo alilisoma, akaliandika kwa furaha. Nyota, kwa wanaokesha.

"Figo zinabaki nje," alisema kwa huzuni.

"Zibaki nje? Wewe usiku nani anakuamsha kwenda chooni?"

Figo zikaingia. Wafalme aliwageuza kila upande, hawakushonekana. Aliwaacha, na kwa muda alitazama dirishani kama mtu aliyesindikiza wageni.

Walikwenda posta pamoja kabla haijafungwa. Mbele ya sanduku jekundu mkewe alilamba gundi, yeye akabana bahasha kwa kiganja, akiikaza pembe kwa pembe. Kisha akaiingiza nusu kwenye tundu, akasita.

"Unajua, wafalme wengine walikuwa hawapati usingizi..."

"Mzee!"

Mkono ulitetemeka, na safari hii akauacha utetemeke. Bahasha ikaachia vidole, ikaanguka ndani kwa sauti laini ya kitu kilichopata mahali pa kulala.